Begi Mgongoni, Kutoka Nachingwea Hadi Nyasa

Akitajwa msafiri wa begi mgongoni anayezunguka Ziwa Nyasa, wengi hupata picha ya kijana wa Kizungu mwenye kaptura, kandambili na chupa ya maji, aliyeshuka kwenye ndege Lilongwe au Dar es Salaam. Si picha ya uongo. Lakini inawasahau watu walio jirani zaidi na ziwa hilo kuliko wageni wote hao, wakiwamo vijana wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambao wengi wao wanaijua Kariakoo kuliko Mbamba Bay.

Zamani walikuwa na sababu. Barabara ya Masasi hadi Songea ilikuwa adhabu. Masika gari lilizama kwenye tope, abiria wakashuka kusukuma, na safari ya siku moja ikageuka ya siku kadhaa. Leo Ushoroba wa Mtwara, yaani njia yote ya kutoka pwani hadi ziwani, una lami. Wa Nachingwea anapanda gari hadi Masasi, mwendo wa kilomita 45 hivi. Wa Ruangwa anateremka hadi Nanganga, anashika barabara kuu ya kwenda Masasi. Kutoka hapo ni Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga, kisha milima ya Wamatengo inaanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay na ziwa linajitokeza chini, la buluu, pana kama bahari. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 600, na kwa anayelala Songea usiku mmoja haina haraka wala mateso.

Ziwa lenyewe ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Urefu wake unakaribia kilomita 580, na mahali penye kina kirefu zaidi hupita mita 700. Nchi tatu zimelizunguka: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wamalawi huliita Ziwa Malawi, na kuna mvutano wa miaka mingi juu ya mpaka: Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaouweka mpaka kwenye ufukwe wa upande wetu, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mvuvi wa Liuli, upande wa Tanzania, huamka akatega nyavu zake bila kusubiri mvutano huo uamuliwe.

Njia ya kwenda huko ni ya kale, na waliotangulia kuipita hawakuwa na magari. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka pande za Nyasa ikiteremka Kilwa. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi, akafuata bonde la Ruvuma, akafika ziwani Agosti, akiwa na watu kama Chuma, kijana Myao ambaye baadaye alisaidia kuubeba mwili wake hadi pwani. Miaka 10 baada ya safari hiyo, Askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wengi wao asili yao ikiwa pande za Nyasa. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa ambayo kila abiria wa basi huyaona leo, wakapapenda, wakatua mizigo. Ndivyo misheni ya Masasi ilivyozaliwa mwaka 1876.

Msafiri wa leo anaweza kuichukua safari hiyo kama duara. Mbamba Bay anapanda meli kwenda kaskazini. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, ina nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, na hupita bandari za pwani ya Tanzania kama Liuli, Manda, Lupingu na Matema hadi upande wa Kyela. Ratiba ya kwenye karatasi ni jambo moja, ziwa ni jambo jingine. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi yake hayana mchezo, kwa hiyo mwenye busara huuliza bandarini siku ile ile, na huacha siku mbili tatu za akiba kwenye mpango wake. Matema panastahili siku hizo. Nyuma kuna Milima ya Livingstone, mbele maji safi, na jirani yake, Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni na kuuzwa mbali sana na ziwa.

Kutoka Kyela ni kituo cha Kasumulu, daraja la Mto Songwe, kisha Karonga. Hapo mtu wa Lindi atulie kidogo. Karonga wana makumbusho yenye mfano wa mifupa ya dinosaria aliyefukuliwa kwao, Malawisaurus, na watoto wa shule huingia kumtazama. Lindi nayo ina Tendaguru, mahali ambapo Wajerumani walifukua mifupa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka huko amesimama Berlin mpaka leo. Mtoto wa Ruangwa anayetaka kumwona inambidi apate viza ya Ulaya; wa Karonga anakwenda kwa miguu. Hilo peke yake linatosha kumfanya msafiri wa Kusini arudi nyumbani na maswali.

Baada ya Karonga ni Nkhata Bay, na kwa mwenye subira ni meli ya Ilala, ambayo imekuwa ikibeba watu na magunia kwenye ziwa hilo tangu miaka ya 1950, hadi kisiwa cha Likoma. Kusini kuna Cape Maclear na Monkey Bay. Halafu unavuka kuingia Msumbiji, unapanda hadi Lichinga, na kurudi Tanzania kwa njia ya Mkenda, kusini mwa Songea. Kipande hiki cha mwisho ndicho kigumu: barabara ndefu, magari machache, na msafiri anapaswa kuuliza hali ya usalama kaskazini mwa Msumbiji kabla ya kuondoka. Lakini ng'ambo tu ya mpaka huo kuna Matchedje, ambako FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilifanya mkutano wake mkuu wa pili mwezi Julai 1968. Wengi wa wapiganaji wa vita vya ukombozi huo walifunzwa Nachingwea, kwenye kambi iliyoongozwa na Samora Machel. Kwa mtu wa Nachingwea, Matchedje si ugenini sana.

Sasa kuhusu kujitolea.

Wasafiri wengi wa begi mgongoni hawapendi kupita tu. Wanataka kukaa wiki mbili au miezi miwili mahali fulani, wafundishe, wajenge, wapande miti. Nia hiyo ni njema, na ziwani kuna mashirika mengi ya kuipokea, hasa upande wa Malawi. Tatizo ni kwamba nia njema haisemi kama kazi yenyewe inahitajika, wala nani aliiomba. Kwa jambo hili Nachingwea ina historia ambayo kila mgeni wa kujitolea angepaswa kuisoma kabla ya kufunga begi.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Jopo lililoongozwa na John Wakefield likatumwa Afrika Mashariki, likazunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa likitazama nchi kutoka kwenye ndege, likarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Wanajeshi waliotoka vitani walijiandikisha kwa wingi hata likapatikana jina la jeshi la karanga. Vifaru vikageuzwa matrekta. Nanga na minyororo ya meli vilitumika kung'oa miti. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo bado hazijapandwa.

Hazikupandwa za kutosha kamwe. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango huo, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Reli ikafungwa mwaka 1962 na mataruma kung'olewa. Kilichobaki Nachingwea ni mji wenyewe, na Mtwara ni bandari. Wakati wote huo wanawake wa Kimwera walikuwa wakilima karanga zao kwa jembe la mkono, kila msimu, na walijua ni udongo upi unazikubali na mvua ipi inaziozesha. Ujuzi huo haukuwa kwenye meza ya mipango. Walioitikia mwito hawakuwa watu wabaya; wengi walifanya kazi hadi wakaugua. Walikuwa wageni wenye haraka kwenye nchi wasiyoijua.

Pande za Songea, kwenye safari hiyo hiyo ya kwenda ziwani, kuna mfano wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, wakalima pamoja na kugawana mavuno. Vijiji vingine vikafuata, na kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, mtaalamu wa makadirio ya ujenzi, alihamia Litowa na mke na watoto wake. Hakuja na mradi wake. Alikaa kijijini, akala walichokula, na akawa mshauri wa watu waliokuwa wameshaamua wanataka nini: shule yao, kinu cha kusaga, ufundi. Mwalimu Nyerere alivutiwa sana na vijiji hivyo. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, kwa kuwa viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji vinavyojiamulia mambo. Litowa haikushindwa shambani. Ilishindwa ofisini.

Na ziwani kwenyewe, Liuli, kuna kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1876 na kufa hapo mwaka 1928. Si lazima mtu akubaliane na mahubiri yake, wala asahau kwamba misheni na ukoloni vilisafiri pamoja. Lakini miaka zaidi ya 50, mingi kati yake akitembea kijiji hadi kijiji kwenye ufukwe ule, akijifunza lugha za huko, haifanani na wiki mbili za kupaka rangi darasa na kupiga picha na watoto.

Hapa ndipo panapostahili ukali kidogo. Kupaka rangi darasa ni kazi ambayo fundi wa Mbinga au Nachingwea anaihitaji na anaiweza. Mgeni anayelipa maelfu ya dola ili aifanye bure amemnyima fundi siku zake tano za kibarua. Kukumbatia watoto kwenye kituo cha yatima kwa mwezi mmoja kisha kutoweka ni vibaya zaidi, kwa sababu mtoto anabaki akihesabu walioondoka. Anayebadilisha mambo ni muuguzi anayekaa hospitalini mwaka mzima, fundi wa mitambo ya sola anayeacha vijana wawili wanaojua kuitengeneza, au mhasibu anayekaa na chama cha msingi mpaka vitabu vyake vieleweke. Hao hawana picha nyingi za kurusha mitandaoni.

Watu wanaojitolea kuliko wote, kusini na ziwani, hata hivyo, hawana begi mgongoni. Ni wenyeji.

Chukua mgawa dawa wa kijijini mkoani Lindi. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoteswa sana na matende na mabusha, ugonjwa unaoenezwa na mbu, na kwa miaka mingi dawa za kuuzuia zimegawiwa nyumba kwa nyumba na wanakijiji waliochaguliwa na wenzao. Mgawa dawa hufika mlangoni na daftari, ndoo ya vidonge na kijiti kirefu chenye alama. "Hodi! Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Kijiti kinasimamishwa ukutani, kila mtu anaegemea. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Kuanzia hapo ni kidonge kimoja cha Mectizan, kisha viwili, vitatu, na aliyefikia sentimita 159 anapewa vinne. Kila mmoja huongezewa albendazole. Hapimwi kwa mizani, kwa sababu urefu peke yake unatosha kukadiria uzito. Mama mjamzito anarukwa, mgonjwa mahututi anarukwa. Babu anayesema atameza jioni anaambiwa kwa heshima kwamba mjukuu wake hana pa kwenda mpaka ameze. Posho, ikitoka, ni ya nauli na soda.

Ukifika Kyela, upande wa pili wa safari, utakutana na mtu wa aina hiyo hiyo mwenye kijiti cha aina hiyo hiyo, isipokuwa kwa miaka mingi kazi yake kubwa imekuwa usubi, ugonjwa wa nzi wa mitoni unaopofusha. Mgeni anayetaka kujitolea kwa manufaa angeanza kwa kumfuata mmoja wa watu hawa kwa siku moja, akimbebea ndoo.

Pembeni mwao kuna walimu wa kujitolea, vijana waliomaliza vyuo na kusubiri ajira, wanaofundisha hesabu na sayansi kwenye shule zenye upungufu, wakilipwa kidogo kutokana na michango ya wazazi. Na kuna vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambao Nachingwea inawafahamu vizuri kwa kuwa ina kambi yao. Wengine huingia kwa mujibu wa sheria, wengine kwa kujitolea. Mwanafunzi wa Ulaya au Marekani anayekuja kusaidia shule ya Mbamba Bay angetumia fedha zake vizuri zaidi akimlipia mmoja wa walimu hao mwaka, kuliko kusimama yeye ubaoni kwa Kiswahili cha kubabaisha.

Yapo pia mambo ya afya yanayomhusu kila anayeoga ziwani, awe mgeni au mwenyeji. Mwaka 1992 wafanyakazi wawili wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani waliokuwa Malawi waliugua kichocho kilichoshambulia mfumo wa fahamu, baada ya kuogelea Nyasa. Wengi walikuwa wakiamini ziwa hilo halina kichocho. Uchunguzi uliofuata miongoni mwa wageni waishio Malawi ulionyesha kuwa karibu theluthi moja walikuwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Watafiti waliosoma ziwa hilo wamekihusisha kuenea kwa kichocho na uvuvi wa kupita kiasi karibu na ufukwe: samaki waliokuwa wakila konokono wanaobeba vimelea walipungua, konokono wakaongezeka. Nyavu zenye matundu madogo zina bei mbili, moja inalipwa sokoni na nyingine hospitalini. Dawa ya kichocho, praziquantel, si ghali, na aliyeoga anapaswa kupimwa wiki 6 hadi 12 baadaye hata kama hasikii kitu. Malaria ipo pande zote za ziwa. Chandarua hakichukui nafasi kubwa kwenye begi.

Raia wa kigeni anayetaka kujitolea Tanzania asidhani viza ya utalii inamtosha. Sheria inamtaka awe na kibali, na kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachowahusu watu wa kujitolea, watafiti, wanafunzi na wamisionari. Taasisi inayompokea ndiyo inapaswa kumwombea. Shirika linalomwambia mgeni aingie kama mtalii "tutamalizana hapa hapa" limeshamwonyesha jinsi litakavyoendesha mambo mengine.

Kwa vijana wa Kusini masharti ni mepesi zaidi, na ndio wanaoandikiwa zaidi hapa. Mtanzania haombi viza kuingia Malawi wala Msumbiji. Anakula chakula anachokijua, ugali na dagaa wa Nyasa, na Kiswahili chake kinamfikisha mbali kabla hakijaanza kukwama. Anajua kuuliza njia kwa mzee bila kumkera. Stendi ya Masasi atanunua mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, atavimenya kwa meno akisubiri gari, na atakuwa ameokoa fedha ambazo mgeni anazitoa kwa chipsi za hotelini.

Wakati mzuri ni kiangazi, baada ya minada ya ufuta ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wakati nyumba nyingi zina fedha mkononi na korosho hazijaanza kudai watu mashambani. Anayetaka kujitolea huko aandike mapema kwa hospitali, shule au ofisi ya kata anakotaka kwenda, aeleze anaweza nini na atakaa muda gani, na awe tayari kujibiwa kwamba hawahitaji. Anayetaka kutembea tu, atembee. Hana haja ya kuitafutia safari yake kisingizio. Kwanza lakini apate pasipoti: ada ni shilingi 150,000, na kwa mkoa wa Lindi maombi hushughulikiwa ofisi ya Uhamiaji, Lindi mjini.